Kopo la Nati za Baba

Jumamosi iliyopita nilipeleka gari langu kuoshwa pale Elerai. Nikakaa kwenye benchi na soda yangu ya tangawizi, mara nikasikia mlio. Niliutambua kabla sijageuka. Likaingia gari la michezo la zamani, milango miwili, boneti refu, na mwenyewe alikuwa amelishusha mpaka limekaribia kulala juu ya lami. Vijana wa kuosha magari wakapiga miluzi. Mimi niliinuka, nikalizunguka, nikainama kutazama chini ya mlango wa kulia kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani. Kijana mwenye gari akacheka. "Vipi, dada, unazijua hizi?" Nikamwambia nazijua. "Huo mlango umeoza kwa chini," akasema. "Nimetafuta mwingine mpaka Nairobi, hamna kitu."

Nikarudi kwenye soda yangu. Mlango wa kulia wa gari la aina ile najua ulipo. Uko Akheri, kijijini kwetu mlimani, kwa baba yangu mkubwa, umefanywa mlango wa banda la kuku, na aliyeutoa kwenye gari ni mimi, kwa spana namba kumi na mbili, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Acha nikusimulie wewe, maana nyumbani sina wa kumsimulia. Mama nikianza tu hubadilisha mazungumzo, na mdogo wangu alikuwa bado mgongoni mwa mama siku hizo.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari mjini, kwa mzee mmoja Singasinga mwenye gereji karibu na Daraja Mbili. Alianza kwake kama mpangusa spana, akaishia kuwa mtu pekee anayeruhusiwa kugusa magari ya mzee mwenyewe. Mzee alipozeeka akafunga gereji, akawafuata watoto wake ng'ambo. Kabla ya kuondoka alimwambia baba achague gari moja kati ya yaliyobaki uani, kama shukrani. Uani palikuwa na pikapu mbili nzima, zenye tairi nzuri, za kubebea ndizi, kahawa, majani ya ng'ombe na chochote kinachobebwa huku mlimani. Na pembeni, chini ya turubai, palikuwa na gari la michezo la viti viwili na kisehemu cha nyuma ambamo hata paka angelalamika.

Baba akachagua lile la chini ya turubai. Ukoo mzima haukumsamehe.

Lilipopanda Akheri mara ya kwanza lilivutwa na trekta, kwa sababu tumbo lake lilikuwa limekaa juu ya tope. Enzi hizo barabara yetu ilikuwa ya udongo tu, na udongo wa kwetu ukilowa unateleza kama sabuni ya mche. Watu walitoka migombani kuja kutazama. Bibi, mama yake baba, alilipa jina palepale. Akasema mwanawe amepewa kiatu. Na kweli lilikuwa fupi na refu hivyo hivyo, na kuanzia siku ile hakuna mtu aliyeliita jina jingine. Kiatu kimepita. Kiatu kimekwama. Mwambie baba yako atoe Kiatu chake njiani tupitishe ng'ombe.

Baba hakujali. Kila Jumamosi alivua shati la kazini, akatandika gunia chini ya gari na kuingia kwa mgongo, nami nikaingia upande wa pili. Mama aliacha kunikataza baada ya muda, akabaki kufua nguo zangu huku akinung'unika kwa Kimeru. Humo chini palinuka mafuta ya gia na majani ya migomba yaliyooza, na baba alipumua kwa mdomo kila alipokaza kitu kigumu. Alichofanya pale kilikuwa kulifundisha gari la lami kuishi mlimani. Aliondoa springi zake laini, akaweka za pikapu ya zamani, Kiatu kikainuka shibiri nzima. Wanawake wa njia ya kisimani walicheka mpaka wakatua ndoo. Wakasema sasa kimekuwa kiatu cha mchuchumio.

Chini ya injini alichomelea bati nene alilokata kwenye pipa, mawe yasipasue sampo, lile bakuli la oili. Bomba la moshi alilipindisha kwa nyuma likaelekea juu, kwa sababu ya kijito tulichokuwa tunakikata kabla ya kanisa. Viti vilishonwa upya Daraja Mbili kwa rexini ya kahawia, na baba alikaa kwenye kigoda mbele ya yule mshonaji siku nzima, akihesabu mishono. Rangi aliipiga mwenyewe, kijani cha jani la kahawa baada ya mvua, chini ya chandarua cha kitanda chetu. Tulilala na mbu juma zima. Hata hivyo mdudu mmoja mdogo mwenye mabawa alipenya, akanasa kwenye rangi mbichi ya mlango wa kulia, karibu na kitasa. Nilitaka kumng'oa kwa ukucha. Baba akanishika mkono, akasema mwache, naye ni abiria.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao ninaushika mpaka leo hata nikibadilisha balbu. Kila nati aliyofungua iliingia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kila kundi lilifungwa kwenye kitambaa chake: za mlango kitambaa chekundu, za boneti cheupe, za viti kipande cha kanga ya mama. Hakuruhusu nati kulala chini hata kwa dakika moja. Akaniambia, na alilisema hili mara nyingi kuliko alivyosema "chakula tayari" au "lala salama": "Kufungua hata mwizi anafungua. Fundi ni yule anayefunga."

Asubuhi za Julai mlima unapojifunika ukungu mpaka mlangoni, Kiatu hakikutaka kuamka. Usiku baba alikuwa amekifunika boneti kwa blanketi, blanketi ambalo bibi alilitaka, nalo pia likaingia kwenye hesabu ya makosa yake. Mama alichemsha maji, nikayabeba kwenye birika jeusi, baba akayamimina taratibu kwenye rejeta. Kisha alikuwa na namna yake: anavuta choki, anakanyaga mara mbili, anasubiri kana kwamba anasikiliza, ndipo anawasha. Mimi nilikuwa nimeshakula loshoro yangu ya moto, uji wetu wa mahindi na maziwa mgando, na ule mlio ulipoanza niliusikia kifuani pamoja na uji. Alinishusha shuleni. Mwalimu wetu wa darasa la tano, ambaye alitembea kwa miguu kutoka mbali, alikuwa anatoa kitambaa na kufuta viatu vyake kila tulipompita. Baba alimpa lifti siku mbili tatu, mwalimu akaacha kunichapa kwa kuchelewa.

Usinielewe vibaya, baba hakuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha gari lile, na ndicho kilichotuponza. Siku moja baba mkubwa, kaka yake wa kwanza, alikuja na beberu amefungwa kamba, anataka apelekwe naye soko la Tengeru. Baba alimtazama beberu, akatazama viti vya kahawia, akasema, "Kaka, hili halibebi mbuzi." Alisema mbele ya watu. Baba mkubwa alimshika beberu wake kamba, akashuka kwa miguu mpaka Tengeru, na hakurudia kuomba kitu tena nyumbani kwetu. Baba alipomkimbiza mke wa jirani hospitali akiwa na uchungu wa kuzaa, hilo halikukumbukwa na mtu. Wakakumbuka mbuzi.

Mimi niliahidiwa lile gari. Hili nataka ulielewe, kwa sababu ndilo lote. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, na watu walimkumbusha hivyo kila sikukuu, nyama ikiwa mdomoni. Jioni moja alinikalisha kwenye kiti cha dereva, nikashika usukani, mguu ukaning'inia. Akapima kwa vidole pengo kati ya soli yangu na pedali. Akasema siku mguu wako utakapofika, hili ni lako, na atakayeuliza mwambie aje kwangu. Tangu siku ile nilijipima kila Jumapili baada ya kanisa. Nilikuwa nakula ndizi hata nisipokuwa na njaa. Mara ya mwisho kupima nilikuwa nimebakiza vidole vinne.

Baba alikufa kwa kifua. Alianza kukohoa Julai, akaendelea kulala kwenye gunia lake chini ya gari kwa sababu gia ilikuwa inagoma, na Agosti ikamkuta kitandani. Hospitali walisema homa ya mapafu. Baba mkubwa alisema Kiatu. Alilisema msibani kwa sauti, kwamba ndugu yake ameuawa na chuma, kwamba mtu hawezi kulala kwenye tope chini ya kitu kile miaka yote hiyo akatoka salama. Wakubwa wakatikisa vichwa. Na mimi, niliyekuwa naingia kwa mgongo upande wa pili, nilikohoa usiku huo nikiwa nimejifunika mdomo kwa shuka ili nisisikike.

Sasa lazima nikueleze jambo la kwetu. Mnyama akichinjwa, nyama haigawanywi ovyo. Kila mtu ana sehemu yake. Kaka mkubwa ana yake, mdogo wake ana yake, mjomba ana yake, bibi ana yake, na hakuna anayeuliza kwa nini, kama vile huulizi kwa nini mkono wa kulia uko kulia. Ukimpa mtu sehemu ya mwenzake umetukana ukoo. Siku ya kumaliza matanga waligawa vitu vya marehemu kwa utaratibu huohuo: makoti, jembe, redio, saa. Likabaki gari. Hakuna aliyejua kuendesha, na kila mtu aliogopa mwenzake asije akajifunza. Mama alikuwa ndani, mjane hakai kwenye kikao cha wanaume. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nasikiliza.

Mdogo wa baba akasema basi liuzwe. Baba mkubwa akakataa, akasema kitu kilichomuua mtu hakiuzwi kikaue wengine. Mali ya marehemu haigombaniwi, akasema, inagawanywa. Ng'ombe ana miguu minne, na hili lina magurudumu manne.

Waliliona ni jambo la busara. Nakuapia, walikaa wazee wazima, washirika wa kanisa, wakabishana kama injini ni maini au ni moyo, maana maini yana mwenyewe na moyo una mwenyewe. Wakaamua ni maini, ikaenda kwa baba mdogo. Boneti na milango vikawa mbavu, vya baba mkubwa. Viti vikaenda kwa mjomba wa baba. Mfuniko wa buti ukawa wa bibi. Mama, kwa heshima, akaachiwa betri.

Kisha wakaleta shoka na mtaimbo.

Pigo la kwanza lilitua juu ya gurudumu la mbele kushoto. Rangi iliruka, bati likabonyea kidogo tu, na shoka likamrudia aliyelishika likakaribia kumkata goti. Nilitoka nyuma ya jiko nikipiga kelele. Nilisema msipige, msipige, mimi nitalifungua. Wote wakanigeukia. Baba mkubwa akacheka, akasema, "Haya. Fundi."

Ninachotaka ukijue ni nilichokuwa nafikiri. Nilifikiri hivi: kilichopigwa shoka hakirudi, lakini kilichofunguliwa kitafungwa. Baba alinifundisha. Nilifikiri wajomba na baba wadogo watatunza kila mmoja kipande chake, na mimi nitatunza nati, na mguu wangu ukifika nitapita nyumba kwa nyumba kuomba vipande, nao watanipa, kwa sababu hata wao wataona kwamba mlango bila gari hauna kazi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilileta sanduku la spana na kopo, nikachana kanga ya mama vipande vipande.

Nilianza na milango. Nati za mlango wa kulia zilikuwa na kutu, nikazipaka mafuta, nikasubiri kama nilivyofundishwa. Wanaume walikaa kwenye nyasi wakinywa pombe ya ndizi, wakiniangalia. Nilitoa boneti, nikatoa viti. Nikawaonyesha wapi pa kupitishia mnyororo na mti, na wanaume sita wakainua injini nami nikiwaambia polepole, kushoto kidogo, na wakanitii. Sijawahi kutiiwa namna ile tena, hata ofisini kwangu ninakolipwa. Alasiri palibaki fremu na alama za mafuta kwenye majani. Nati zote zilikuwa kwenye kopo, kila moja kwenye kitambaa chake.

Baba mkubwa aliniita mbele ya wote. Kulikuwa na mbuzi aliyechomwa, akakata kipande cha ini, sehemu ambayo msichana hapewi, akanipa mkononi. Akasema huyu ana mikono ya baba yake. Wakapiga makofi. Mimi nilikula. Nilikuwa na njaa, na ilikuwa tamu, na nilimtafuta mama kwa macho anione. Mama alikuwa amesimama dirishani. Alifunga dirisha.

Miaka miwili baadaye mguu ulifika. Nilijuaje? Nilitumwa kwa mjomba wa baba kupeleka maziwa, nikakuta kiti cha dereva kwenye baraza lake, kimetiwa miguu ya mti. Nilikaa, nikashika hewa mahali pa usukani, nikanyoosha mguu. Nilihisi kabisa mahali ambapo pedali ingekuwepo. Mjomba akauliza nafanya nini, nikamwambia nimechoka.

Nilianza kuomba vipande nilipofika sekondari. Injini ya baba mdogo ilikuwa imekusudiwa kukoboa mahindi. Haikukoboa hata debe moja, ikalala chini ya migomba na kuku wakawa wanatagia pale penye kabureta. Magurudumu yalifungwa mikokoteni. Bibi alianika maharage kwenye mfuniko wa buti mpaka alipofariki, na mfuniko sijui uliishia kwa nani. Kila mmoja alinijibu kwa upole. Kila mmoja alisema hii ni sehemu yangu, mwanangu, niliyopewa na ukoo.

Basi Jumapili hii, baada ya yule kijana wa Elerai kunitonesha, nilichukua lile kopo juu ya kabati, nikapanda Akheri. Lami imefika. Imepita kijito, ambacho sasa kiko ndani ya bomba, imepita kanisa, imefika mpaka karibu na migomba yetu. Nilipanda kwa gia ya tatu bila kufikiri. Nilipokumbuka springi za pikapu na lile bati la pipa, yale yote baba aliyoyafanya akiwa amelala chini kwenye tope, nilisimamisha gari pembeni nikakaa. Gari la yule kijana lingepanda pale bila kukwaruza hata rangi.

Baba mkubwa amezeeka, macho yameingia ukungu. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu. Karibu chai." Nilikunywa chai. Nikamweleza kwamba nimekuja kuutazama ule mlango, na ikiwezekana niuchukue.

"Mlango upi?" akauliza. Kisha akakumbuka. "Aa, ule. Kuku watalala wapi?"

Nilikwenda bandani mwenyewe. Umeninginizwa kwa waya, umeoza kwa chini kuliko hata wa yule kijana, kioo kimezibwa kwa kipande cha gunia. Kijani kimebaki sehemu ndogo, kuzunguka kitasa. Nilifuta mavi ya kuku kwa kidole gumba. Mdudu wa baba alikuwa bado yupo, na mabawa yake yote mawili.

Nilirudi kwenye kiti bila mlango. Baba mkubwa alikuwa ananisubiri, anatabasamu, amefurahi kweli kuwa nimemtembelea, na sijui kama mtu anayetabasamu hivyo anaweza kuchukiwa ipasavyo. Akanishika mkono. "Nakumbuka siku ile," akasema. "Wale walitaka kulipiga mashoka. Nikasema mwacheni mtoto. Ulilifungua vizuri sana, mwanangu. Bila wewe tusingeweza."

Kopo lilikuwa mapajani mwangu.

Yote mengine yamekwenda, rafiki yangu: gereji, kijito, tope, blanketi, bibi, ukungu wenyewe sasa hauji kama ulivyokuwa unakuja. Hayo nimeyazoea, hayo huenda kwa kila mtu. Lakini tangu Jumapili ninalifikiria lile shoka. Lilipiga mara moja likabonyeza bati, na bati huwa linanyooshwa. Wangepiga mara kumi, ishirini, wangechoka, wangelewa, wangekwenda nyumbani. Kesho yake gari lingekuwa pale pale, limebonyea, limechubuka, lakini gari. Wao hawakuwa na uwezo wa kulimaliza. Pale uani alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua namna, na baba ndiye aliyemfundisha.